Dabo Stendi na Kaburi la Mgomba

Kwa miezi mitatu nilijiuliza kama dabo stendi ya pikipiki inafaa kununuliwa, na mpaka leo, mzee mwenye magoti mabovu, sijapata jibu la kuniridhisha. Nikiulizwa kuhusu chombo chenyewe, nitasema inafaa. Nikiulizwa kuhusu nyua za watu nilikoipeleka, nitaomba kwanza nipewe mahali pa kuketi.

Nilikuwa tarishi wa hospitali, Msambweni, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Kazi yangu ilikuwa kupeleka dawa katika zahanati ndogo za njia ya Lunga Lunga na vijiji vya ndani, kurudisha chupa tupu, na kupeleka habari. Simu zilikuwa za ofisi, na mkulima hakuwa na ofisi. Mgonjwa akipata nafuu, nilitumwa mimi kuwaambia watu wake. Mgonjwa akifa, nilitumwa mimi vilevile. Pikipiki ilikuwa ya Mzungu wa afya aliyerudi kwao bendera ilipobadilishwa. Aliiacha bandani na matope yake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiiosha, mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo. Niliringa, sitaficha. Nilikuwa nikipita barabarani kifua mbele na watu wananipungia mkono, nami nikiwaitikia kwa honi.

Ila ilikuwa na stendi moja tu, ile ya pembeni, mguu mmoja mwembamba. Anayeujua mchanga wa kwetu anajua kilichofuata. Unaiegemeza, unageuka kupiga hodi, mguu unazama polepole, na kabla hujaitikiwa pikipiki imelala chini, petroli inachuruzika na chupa za dawa zinagongana ndani ya sanduku la nyuma. Nikajifunza kutembea na kifuu cha nazi, nikikiweka chini ya mguu ule ili usizame. Kifuu kilipasuka. Nikatafuta kingine, nacho kikapasuka. Siku moja ilimwagika chupa nzima ya dawa ya macho, nikasimamishwa mbele ya bwana daktari na kuulizwa kama nilikuwa nimelewa. Mimi, ambaye pombe sijapata kuionja! Nilitoka pale nimejaa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka Mombasa.

Dabo stendi niliiona katika duka la vipuri la Mhindi mmoja, imetundikwa ukutani kwa msumari. Miguu miwili mipana na springi mbili, kitu cha kuifanya pikipiki isimame wima, gurudumu la nyuma likining'inia hewani. Bei yake ilikaribia ya mbuzi jike, na serikali ilitoa petroli, haikutoa stendi. Nikarudi nyumbani kushauriana.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mbuzi huzaa. Hicho chuma chako kitazaa nini?"

Fundi wa baiskeli wa pale Msambweni, mtu niliyemwamini kwa kila kitu chenye magurudumu, alikuwa mkali zaidi. "Utabeba uzito wa bure," aliniambia. "Itakwaruza kila tuta na kila mzizi wa njiani. Acha kifuu, chukua kipande cha ubao. Ubao haupasuki, na wala hauuzwi Mombasa."

Ulikuwa ushauri mzuri na sikuufuata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu halikuvunjika, likavunjika jambo jingine, tena si langu. Niliinunua, na fundi akaifunga huku akinung'unika.

Nitasema haki yake. Tangu siku ile pikipiki haikuanguka tena. Mchangani miguu yote miwili ilizama sawasawa, ikatulia. Mnyororo niliupaka mafuta nikiwa nimechuchumaa bila kumwomba mtu anishikie, na pancha ya nyuma niliiziba peke yangu njiani. Ni kweli ilikwaruza mizizi, na masika ilijaa matope mpaka ikagoma kushuka. Lakini chupa hazikuvunjika, na bwana daktari hakuniuliza tena habari za pombe.

Sasa nieleze jinsi chuma kile kilivyopata ulimi.

Kuiwasha pikipiki ile kulihitaji mateke mengi. Kwa hiyo niliizima na kuikita zahanati tu; nilipopeleka dawa au salamu za mgonjwa majumbani sikuizima. Niliiegemeza kwenye stendi ya pembeni, juu ya kipande cha ubao (nilikuwa nimeufuata ushauri wa fundi nusunusu), nikatoa nilichokuja nacho, nikaondoka injini ikiwa bado inanguruma. Msiba haupelekwi hivyo. Msiba unataka uketi. Unataka ungoje wajomba waitwe, unywe maji uliyopewa hata kama huna kiu, ueleze saa na namna. Basi siku za msiba nilizima injini, nikakanyaga dabo stendi, nikavuta nyuma kwa mikono miwili. Springi zilijibu kwa mlio mmoja mkubwa, kwaa, ukasikika mpaka nyumba ya tatu.

Haikuchukua hata msimu mmoja. Watu wa njia ile walijua. Mwenye macho haambiwi tazama, na wenye masikio hawakuhitaji kuambiwa wasikilize. Nikifika, kinu kilinyamaza, mazungumzo yalikatika, wote wakingoja kusikia pikipiki itasimama vipi. Wakisikia kwaa, wanawake walivuta leso kichwani na kilio kikaanza kabla sijafika barazani.

Nami niliona nafuu. Hili ndilo ninaloona haya kuliandika. Kwetu habari haitolewi kwa pupa. Unapiga hodi, unamwamkia mkubwa shikamoo, unaulizwa habari za utokako, na hata ukiwa umebeba maiti mdomoni unajibu, "Njema." Ndiyo adabu. Habari ni njema, za huko ni salama, alhamdulillahi, ila. Hilo "ila" nililiogopa kuliko nyoka. Nilikuwa nikiwatazama watu machoni nikiwaambia njema huku nikijua, na usiku silali. Dabo stendi iliniondolea kazi hiyo. Ilisema yenyewe, mimi nikaja nyuma yake na mikono kifuani kuitikia pole za watu. Nilikuwa mwoga na chuma kikanisaidia kuwa mwoga.

Miongoni mwa nyumba nilizozijua ilikuwa ya mwanamke mmoja mtu mzima, mjane, msukaji wa mikeka, katika kijiji kilicho nje kidogo ya barabara ya Lunga Lunga. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti aliyeolewa na kibarua wa hoteli huko Diani. Binti aliletwa hospitali kwa jipu la pajani lililompandisha homa mpaka akawa haongei. Akapasuliwa. Siku ya nne akaketi kitandani, siku ya sita akaanza kugombana na watu, na siku ya saba nikatumwa kwa mama yake nimwambie Alhamisi aje amchukue. Binti mwenyewe aliniita dirishani akaniagiza, "Kaka, mwambie mama aje na leso yangu nyekundu. Sitatoka hapa na gauni la watu."

Niliondoka nimefurahi. Habari njema ya kweli ni tamu kubeba. Karibu na kijiji nikaingia njia ya miguu, na mwiba wa mgunga ukaingia gurudumu la nyuma. Pancha. Ulibaki mwendo mfupi kufika, nikaona niisukume mpaka uani nikaizibe kivulini. Jua lilikuwa kali na mchanga mzito. Nilifika nimeloa jasho, sina pumzi, uso umenikunjamana, injini kimya. Na kwa kuwa pancha ya nyuma haizibiki ila gurudumu likiwa hewani, nikakanyaga stendi nikavuta.

Kwaa.

Nilikuwa nimeinama natafuta spana nilipotambua nimefanya nini. Yule mama alikuwa ameketi barazani na ukili mkononi. Hakupiga yowe. Mkeka ulimtoka mapajani, akaniangalia tu, mdomo wazi.

"Mama, shikamoo," nikasema haraka haraka. "Habari ni njema, mama. Njema!"

Hapo ndipo yowe lilipotoka. Maana hilo ndilo neno nililolisema katika kila nyumba ya msiba ya njia ile, na kila mtu alilijua. Kadiri nilivyosema njema, ndivyo walivyozidi kulia. Majirani waliingia mbio. Nikawaambia binti mzima, yuko salama, ameagiza leso yake nyekundu. Mwanamke mmoja akajipiga kifua. "Ameaga kwa leso, masikini! Ameaga kwa leso!"

Kaka yake yule mama alitokea shambani na panga lake. Hakuniuliza kitu. Aliitazama pikipiki imesimama wima kwenye miguu yake miwili, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha akawageukia vijana waliokuwa nyuma yake. "Tokeni na majembe. Jua lisije likatupita."

"Mjomba, hakufa mtu!" nilipiga kelele. "Ni pancha! Tazama gurudumu!"

"Tulia, mwanangu," alinijibu kwa upole ulionitia wazimu. "Lako umekwisha kulifanya."

Kwetu maiti halazwi. Akifa asubuhi, adhuhuri au alasiri anazikwa, na wachimbaji hawangoji jeneza lifike. Vijana walikwenda. Nami nilikwama pale na pikipiki isiyo na pumzi, nimezungukwa na watu waliokuwa wakinipa pole kwa safari. Nililia kwa hasira, na machozi yangu nayo yakawa ushahidi.

Sijui ulipita muda gani. Mwisho yule mama aliinuka, akaja akanishika shati kwa mikono miwili. Alikuwa ameacha kulia.

"Niangalie," alisema. "Mara ya mwisho ulipomwona mwanangu, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anagombana, mama. Na mgonjwa wa kitanda cha pili. Mwenzake anataka dirisha lifungwe, yeye anataka liwe wazi."

"Alisemaje?"

"Alisema yeye si wali, afunikwe na kupaliwa makaa."

Aliniachia shati. Kisha akacheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani yake, akanipiga bega kwa kiganja mara tatu kwa nguvu zake zote. "Ndiye," aliwaambia watu. "Ndiye yeye. Maneno hayo hakuna mwingine wa kuyasema. Mwanangu yuko hai. Waiteni wale warudi."

Walipoitwa, kaburi lilikuwa limefika kimo cha mapaja.

Wazee wa pale walikaa kando wakashauriana, nami nikangoja kwa mbali, kichwa chini. Wakasema kaburi likishafunguliwa kwa jina la mtu halifukiwi tupu. Ukilifukia tupu linabaki linangoja. Si katika sheria ya dini, mmoja wao alikiri, lakini ndivyo walivyowakuta wazee wao. Wakakata mgomba karibu na kisima, wakaupima kwa urefu wa yule binti, mama yake mwenyewe ndiye aliyeonyesha kwa mkono urefu ulipoishia. Wakaulaza mle ndani bila sala na bila dua. Mjomba akaniita. "Na wewe tupa," akasema. Nikatupa mchanga konzi tatu juu ya gome lile la kijani, kama ninavyofanya kwa binadamu. Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye sasa naweza kuona kichekesho chake, sikucheka.

Nilipomaliza kuziba pancha yule mama alinifuata mpaka njiani. Alikuwa amejifunga leso nyekundu ya bintiye kiunoni, tayari, ingawa Alhamisi ilikuwa bado.

"Mwanangu," aliniambia, "sikulaumu kwa pancha. Nakulaumu kwa hizo siku nyingine zote. Watu wanafiwa, wewe unawaambia kwa chuma. Ikija siku ya kweli, na itakuja, maana sote ni wa kufa, usinisimamishie hicho kitu uani kwangu. Njoo uniambie kwa mdomo, na uniambie kabla sijajijulia."

Nikamwahidi. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitesa mwaka mzima.

Binti alitoka Alhamisi, mzima. Nilipomkuta siku za soko alinitania mbele za watu. "Kaka, maiti wako anakusalimu," alikuwa akisema, au, "Mgomba wangu umechipua, umeuona?" Watu walicheka, nami nikacheka nao, na kila nilipomwona akitembea nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa maana nilikuwa nimewasikia wanaonong'ona. Mtu aliyeliliwa akiwa hai, walisema, ameitwa mara moja. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo. Lakini kutoamini mchana ni kazi rahisi.

Nilitaka kuing'oa stendi. Fundi alikataa. "Ulinisumbua kuifunga, sasa hunisumbui kuifungua," alisema. "Na kosa si la stendi." Nikaona basi niiue maana yake, niwe naikita kila nyumba, ya heri na ya shari. Nyumba ya pili niliyojaribu alizirai bibi mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa amepona surua, nikakoma siku hiyohiyo. Nikajaribu kuiacha pikipiki dukani na kwenda kwa miguu. Wakaniona ninakuja kwa miguu, wakalia. Mwisho nikaanza kupiga kelele ya habari njema tangu mbali, kabla hata ya hodi: "Nimeleta dawa! Mtu wenu mzima! Anakula!" Wazee walinikemea kwa utovu wa adabu, nami niliwavumilia. Lakini hilo nalo lilikuwa na mwisho wake, kwa sababu siku nilipokuja nimenyamaza, ukimya ukawa ndio habari. Nikaelewa hakuna njia ya kuwapita watu wanaongoja. Watalisoma lolote ulilonalo. Ulichobakiwa nacho ni kusema upesi na kusema wazi.

Mwaka uliofuata binti alirudi hospitali, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimchukua siku mbili. Nilifika kazini asubuhi nikamkuta mumewe ameketi chini ukutani, viatu mkononi, na sikuhitaji kuuliza. Alifariki alfajiri. Mtoto, wa kike, alikuwa hai.

"Nenda kwa mama," mumewe aliniambia. "Mimi siwezi."

Zamani ningepewa jina na saa kwenye karatasi nikaondoka. Siku ile nilikwenda wodini nikamtafuta muuguzi aliyekuwa naye, nikamwomba anieleze yote, alisema nini, alimwita nani, alikunywa nini mwisho. Muuguzi aliniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia ataniuliza mama yake. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikamfunika binti shuka usoni, kisha nikapiga teke pikipiki.

Njiani nilikuwa na hofu kama sijawahi kuwa nayo. Si hofu ya kulaumiwa. Nilihofia kwamba atajua kabla sijasema, kwamba kwa mara nyingine nitafika nyuma ya habari yangu mwenyewe. Kwenye kona ya mwisho nikazima injini, nikailaza pikipiki ubavuni kwenye majani, petroli imwagike ikitaka, nikakatiza ndani ya shamba la mihogo mpaka ubavuni mwa nyumba.

Alikuwa barazani anasuka, kichwa chini. Aliniona nimekwisha simama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenishtua. Habari za utokako?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile la adabu, nililolisema maisha yangu yote na baba yangu kabla yangu. Nikalimeza.

"Mbaya, mama," nikasema. "Mwanao amefariki leo alfajiri. Amejifungua mtoto wa kike, na mtoto yu hai."

Mikono yake iliendelea kusuka. Alisuka miyaa miwili, mitatu, kisha ikasimama.

"Ulimwona mwenyewe?"

"Nimemwona, mama. Nimemfunika mwenyewe."

"Aliniita?"

"Alikuita. Muuguzi alikuwa naye. Alikuita mara mbili, kisha akaomba maji, akapewa, akanywa kidogo."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani sasa atalia na majirani watatoka, na mjomba, na majembe. Mabega yake yalitikisika lakini hakutoa sauti. Alijiziba mdomo kwa upindo wa leso, nami nikakaa chini kando yake kwenye sakafu ya udongo, nikalia mimi. Alipoondoa mkono, sauti yake ilikuwa imekauka.

"Usimwambie mtu hapa," alisema. "Si ndugu yangu, si mtu yeyote. Wewe nimekuamini. Lakini safari hii hawachimbi mpaka nimwone kwa macho yangu. Nipeleke."

Hakuwa amepanda pikipiki maisha yake. Tulipita mihogoni kama wezi, nikaiinua pikipiki, nikamwonyesha pa kuweka miguu. Alipanda upande upande, akatafuta pa kushika, mkono ukaelea hewani.

"Nishike mimi, mama," nikamwambia, naye akanishika kiuno kwa mikono miwili na kuniegemezea paji la uso mgongoni. Kutoka pale mpaka Msambweni nilihisi shati langu likilowa, na sikugeuka. Watu wa barabarani walitupungia mkono kama kawaida. Sikupiga honi.

Pale hospitali niliizima pikipiki, nikamshusha. Mume wa binti alisimama kumpokea, mama akampita. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba alicholazwa mwanawe, nami nikabaki mlangoni kwa kuwa hakuniambia niondoke. Alimfunua uso. Alimtengeneza nywele zilizokuwa zimemwangukia, taratibu, upande huu kisha upande huu. Alimwinamia sikioni akamwambia maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Halafu akapima, kwa mkono wake wazi, kutoka kichwani hadi miguuni, shibiri kwa shibiri, akihesabu kwa midomo.

Muuguzi alikuja na mtoto, amefungwa kwa kitambaa cheupe. Mama alimpokea akamweka begani. Ndipo akanigeukia.

"Sasa nenda," alisema. "Waambie wachimbe."

Nikaenda, nikawaambia.